Baki Inaporudi

Mwanamke amefariki dunia. Hakuacha mtoto wala mzazi. Ameacha mume, na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, mume wa mke asiye na mtoto ana nusu, na dada wawili wana thuluthi mbili. Hapo ndipo hesabu inapokataa. Nusu na thuluthi mbili zikijumlishwa ni sudusi saba, na hakuna mali duniani yenye zaidi ya sudusi sita. Wanazuoni wa faraidhi wanasimulia kwamba suala la namna hii lilimfikia Khalifa Umar bin al-Khattab katika karne ya 7, akawashauri masahaba, na ikaamuliwa mali igawanywe mafungu saba badala ya sita: mume matatu, dada manne, mawili kwa kila mmoja. Wote walipungukiwa, na wote kwa kiwango kimoja. Abdullah bin Abbas alikuja kuupinga uamuzi huo baadaye, lakini madhehebu manne ya Kisuni yaliushika, nao unajulikana hadi leo kwa jina la aul.

Kadhi wa Mombasa, Lamu au Unguja akiletewa suala hilo hivi leo, jawabu ni lile lile: tatu kwa saba, na nne kwa saba. Ila siku hizi mezani kuna kompyuta. Karani akigawanya 3 kwa 7 atapata 0.428571428571, kisha mashine itakata. Mali ikiwa shilingi 10,000,000, fungu la mume ni shilingi 4,285,714 na ushei, la dada ni 5,714,285 na ushei. Ukiuacha ushei pande zote mbili, jumla ni 9,999,999. Imebaki shilingi moja isiyo na mwenyewe.

Shilingi moja haitikisi soko. Lakini kwa Mwislamu mafungu haya hayakupangwa na bunge. Yametajwa katika Sura ya An-Nisaa, na Kurani yenyewe inayahesabu kuwa mipaka aliyoiweka Mungu. Hapo swali la karani linageuka kuwa la mwanafalsafa. Haki iliyowekewa mpaka inawezaje kuandikwa kwa namba isiyo na mpaka? Mume ana haki ya kitu kamili, au ya kitu ambacho hakuna mkono utakaomaliza kukiandika?

Wanazuoni wa zamani hawakusumbuliwa na swali hili, kwa sababu hawakugawa mirathi kwa desimali. Walitafuta namba ndogo kabisa inayokubali mafungu yote, wakaiita asili ya suala, na kila mrithi akapewa idadi kamili ya mafungu. Mali ya mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama huanza na mafungu 24: mke 3, mabinti 16, kila mzazi 4. Jumla yake ni 27. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hilo akiwa juu ya mimbari, naye papo hapo akajibu kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, kisha akaendelea na hotuba yake. Suala likabaki na jina la Mimbariyya. Tusui hiyo kwenye kompyuta ni 0.1111 na kuendelea bila kusimama. Juu ya mimbari ilikuwa mafungu 3 katika 27, na neno likaisha.

Kati ya wanazuoni hao na programu za leo amesimama mtu mmoja anayestahili kujulikana zaidi. Badr al-Din Sibt al-Maridini aliishi Cairo katika karne ya 15, akiwa mtunza nyakati za sala katika msikiti wa al-Azhar. Aliandika sherehe ya Rahbiyya, shairi la kufundishia mirathi, na sherehe hiyo ingali inasomwa na wanafunzi wa madhehebu ya Shafii. Lakini kazi ya nyakati za sala ilimtaka pia awe hodari wa hesabu za falaki, nazo zilifanywa kwa kizio cha sitini: nyuzi, dakika, sekunde, na ngazi zinazofuata chini yake. Katika mfano mmoja aligawanya nyuzi 47 na dakika 50 kwa nyuzi 1 na dakika 25. Alipata 33, kisha 45, 52, 56, 28, 14, 7, 3, 31. Halafu 45 tena, 52 tena, 56 tena. Akatambua kwamba mfuatano ule unajirudia. Mwenye kalamu anaweza kuhakiki: kugawanya huko ni sawa na 574 kwa 17, ambako kunatoa 33 na baki 13, na baada ya hatua nane ile 13 inarudi.

Mwanachuoni wa mirathi, basi, ndiye aliyeiona duru hiyo. Alichokiona ndicho anachotakiwa kukiona kila kijana anayejifunza kuandika programu za kompyuta, maana zoezi la kugeuza sehemu kuwa desimali na kuonyesha tarakimu zinazojirudia hutolewa sana kwa wanafunzi wa fani hiyo. Na zoezi hilo lina mtego ndani yake.

Mtego ni kutazama tarakimu. Mwanafunzi huiacha kompyuta igawanye, husubiri tarakimu iliyokwisha kutokea itokee tena, kisha hutangaza kwamba duru imefunga. Kwa 1/3 njia hiyo inafaa. Kwa 1/7 inafaa pia: 1, 4, 2, 8, 5, 7, halafu 1. Kwa 1/17 inaanguka. Desimali yake ni 0.0588235294117647, kisha inaanza upya. Nane mbili zinafuatana katika nafasi ya tatu na ya nne, na programu ile itasimama pale na kudai kwamba zilizobaki zote ni nane, wakati duru halisi ina tarakimu 16.

Programu iliyo sahihi hutazama baki. Mtoto wa shule ya msingi akigawanya 1 kwa 7 anasema: 10 kwa 7 ni 1, baki 3, 30 kwa 7 ni 4, baki 2, 20 kwa 7 ni 2, baki 6, 60 kwa 7 ni 8, baki 4, 40 kwa 7 ni 5, baki 5, 50 kwa 7 ni 7, baki 1. Na 1 ndiyo aliyoanza nayo. Kuanzia hapo hakuna jipya linaloweza kutokea, kwa kuwa hatua inayofuata haitegemei chochote isipokuwa baki iliyo mkononi. Kompyuta hufanya vivyo hivyo: inaandika kila baki na nafasi ilipotokea, na baki ikirudi inafungua mabano kwenye nafasi ile ya kwanza, inayafunga, na kusimama. Kwa 1/12 baki ni 1, kisha 10, kisha 4, kisha 4 tena. Ndiyo maana desimali yake ni 0.08 ikifuatwa na 3 zisizokwisha, na mabano yanaizunguka 3 peke yake.

Tena haina budi kusimama. Anayegawanya kwa 7 hawezi kubakiwa na 7 wala zaidi. Baki ni kuanzia 0 hadi 6. Ikitokea 0, desimali imekwisha. Isipotokea, baki ziko sita tu, na ya saba lazima ikanyage palipokwisha kukanyagwa. Jambo hili linajulikana kabla mashine haijawashwa, nalo ni kweli kwa sehemu yoyote, ndogo au kubwa. Gawanya 1 kwa 983: duru yake ina tarakimu 982, na hakuna namba chini ya 1,000 yenye duru ndefu kuliko hiyo. Hata huko, tangu mwanzo inajulikana kwamba baki itarudi.

Kompyuta ya kawaida ikiulizwa moja kwa tatu huandika 0.3333333333333333, tatu kumi na sita, kisha inanyamaza. Imenyamaza kwa sababu nafasi ya kuandikia imejaa. Programu ya baki huandika 0.(3) na kunyamaza kwa sababu imejua. Kwa nje hali hizo mbili zinafanana, na katikati yake kuna swali zima la nini maana ya kujua.

David Hume wa Scotland aliliuliza kwa namna yake katika kitabu chake cha 1748. Jua limechomoza kila siku tangu watu waanze kukumbuka; ni hoja gani inayomthibitishia mtu kwamba litachomoza kesho? Idadi ya mara zilizopita haitoshi, kwani kudai kwamba yajayo yatafanana na yaliyopita ni kulichukua kama jibu jambo lile lile linaloulizwa. Karne sita na nusu kabla yake, mnamo 1095, Abu Hamid al-Ghazali alikuwa amekwisha kulisema jambo la jirani kabisa na hili, katika kitabu cha kuwapinga wanafalsafa wa zama zake. Pamba inawekwa karibu na moto, pamba inaungua. Macho yanaona kuungua kukitokea pamoja na moto. Hayaoni kuungua kukitokea kwa sababu ya moto. Kinachoziunganisha ni kudura ya Mungu na ada aliyoijaalia, na mazoea yetu ya kuona viwili pamoja. Ghazali aliyaandika hayo ili kutetea miujiza ya mitume. Hume, katika kitabu hicho hicho cha 1748, aliweka sura nzima ya kuitilia miujiza shaka. Wamefika mahali pamoja wakitoka pande mbili zinazopingana, na hilo peke yake linatosha kumfanya msomaji atulie hapo kidogo.

Wote wawili wanasema, kwa lugha ya programu yetu, kwamba ulimwengu unatuonyesha tarakimu na kutuficha baki. Asubuhi imefuata usiku, mvua za masika zimefuata kaskazi, pamba imeungua. Mwenye kutazama tarakimu tu, hata akiona tatu milioni moja mfululizo, hana anachoweza kusema juu ya ile inayofuata. Anayeona baki mara mbili tu amekwisha kuziona zote. Sayansi kwa sehemu kubwa ni juhudi ya kuzifikia baki za ulimwengu: Newton, katika kitabu chake cha 1687, hakuhesabu tu mara ngapi sayari imepita mahali fulani, alitafuta kile ambacho ukikijua sasa unajua hatua inayofuata. Hata hivyo mwanasayansi hawezi kuwa na uhakika kwamba amezishika zote. Mwenye kugawanya kwa saba ana uhakika huo, kwa kuwa kanuni ya kugawanya yote iko mbele yake.

Je, Ghazali angekubali tofauti hiyo? Inaonekana angekubali. Katika mjadala ule ule wa pamba na moto anakiri kwamba kudura ya Mungu haihusu jambo lisilowezekana kiakili, kama kuthibitisha kitu na kukikanusha kwa wakati mmoja. Moto unaweza kuamriwa usichome. Lakini baki ile ile, ikigawanywa kwa namba ile ile, kutoa tarakimu nyingine ni kusema ndiyo na siyo kwa pumzi moja. Kurudi kwa 142857 basi hakumo katika ada za ulimwengu zinazoweza kuvunjwa. Kumo katika maana yenyewe ya kugawanya. Ludwig Wittgenstein, katika maandishi yake ya miaka ya 1930, alilishughulikia jambo hili kwa mfano wa 1 kwa 3. Akaona kwamba mtu anayetambua kuwa baki imelingana na kile alichoanza kukigawanya amefanya kitu cha aina nyingine kabisa, tofauti na mtu aliyeongeza tatu nyingi kwenye karatasi yake.

Historia imetupa mtu aliyefanya kazi za aina zote mbili. William Shanks alikuwa mwenye shule huko Houghton-le-Spring, kaskazini mwa Uingereza, katika karne ya 19. Kwa mkono wake alihesabu urefu wa duru za namba tasa, akaendelea mpaka kupita 100,000, na majedwali yake ya mwisho yakawekwa katika Royal Society ya London. Kwa mkono huo huo alihesabu pai, akachapisha tarakimu 707 mwaka 1873. Pai haijirudii, hakuna baki itakayorejea kumwambia mhesabuji kwamba yuko njiani. Kuanzia tarakimu ya 528 Shanks alikuwa amepotea, na hakuna aliyejua kwa zaidi ya miaka 70, hadi D. F. Ferguson alipogundua kosa hilo katika miaka ya 1940. Majedwali ya duru yana ulinzi ambao pai haina: urefu wa duru ya namba tasa lazima uigawanye namba iliyo moja chini yake bila kubakiza kitu, kwa hiyo makosa mengi hujitangaza yenyewe. Mzee aliyekaa miaka mingi mezani na kalamu anastahili heshima kwa kazi zote mbili, ila moja ilikuwa na mahali pa kurudi na nyingine haikuwa.

Turudi kwa mume na haki yake. Kwa nini 3/7 haina mwisho ikiandikwa kwa desimali? Sababu yote iko kwenye kumi. Kumi imeumbwa na 2 na 5. Sehemu ambayo asili yake, ikirahisishwa, ina kigawanyo kingine chochote kilicho tasa haitaisha kamwe ikiandikwa kwa kizio cha kumi. Ukiandika kwa kizio cha saba, 3/7 ni 0.3, tarakimu moja na imekwisha. Thuluthi, isiyokwisha kwetu, kwa wanafalaki wa Cairo ilikuwa dakika 20 kamili. Subui, yaani moja ya saba, hata kwao haikuisha: ni 8, 34, 17, kisha 8 tena. Kwa hiyo kutokwisha kumo katika maandishi. Fungu la mume halijui kumi wala sitini. Mpaka aliowekewa ni kamili, na sisi ndio tuliochagua chombo cha kupimia kisicholingana nao.

Jambo hilo linasikika kama mchezo wa darasani mpaka linapoua watu. Moja ya kumi, ambayo kwetu ni 0.1 na imekwisha, haina mwisho kwa kizio cha mbili, na kompyuta huhesabu kwa kizio cha mbili: baada ya sifuri za mwanzo, 0011 inajirudia milele. Mitambo ya Marekani ya Patriot, ya kutungua makombora, iliyotumika katika vita vya Ghuba ilihesabu saa yake kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile moja ya kumi ilikuwa imekatwa ili iingie katika nafasi ya biti 24. Kilichotupwa kilikuwa karibu sehemu moja ya milioni kumi. Lakini mtambo uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na kilichotupwa kilikuwa kimezidishwa mara milioni tatu na laki sita: thuluthi nzima ya sekunde. Katika muda huo kombora la Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita. Tarehe 25 Februari 1991 mtambo ulitazama anga mahali kombora lisipokuwepo, na wanajeshi 28 wakafa katika kambi yao. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran siku iliyofuata.

Wahandisi wale hawakuwa wajinga. Kila anayeandika namba kwenye mashine hukata mahali fulani, na zana za kutokata zipo: lugha ya Python, kwa mfano, inaweza kuitunza 3/7 kama namba mbili kamili, juu na chini, na kuihesabu hivyo hadi mwisho, jambo ambalo ndilo hasa walilofanya mafaqihi kwa asili ya suala. Karani wa mahakama ya kadhi anafaa kupewa programu ya namna hiyo. Ushei utakatwa mara moja tu, fedha zinapotolewa, mbele ya warithi wote, na ile shilingi watakubaliana wao wenyewe nani aichukue.

Wanatheolojia wana sababu ya kuutazama mfano huu kwa makini, na pia kwa tahadhari. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba Mungu hana sehemu ndani yake, na kwamba wingi wa majina na sifa tunazomtaja nazo unatokana na udogo wa akili inayomtaja. Mutakallimun, yaani wanatheolojia wa Kiislamu, nao walijadiliana karne nyingi juu ya umoja wa dhati na wingi wa sifa. Sehemu moja, nyepesi na kamili, inayoonekana haina mwisho kwa sababu tu ya kizio kinachoiandika, inasaidia kuelewa walichokuwa wakikitafuta. Haithibitishi lolote juu ya Mungu. Subui ni kiumbe cha akili, na anayeichukua kuwa sura ya Muumba amevuka mpaka ambao hesabu haimpi ruhusa ya kuuvuka.

Kuna swali jingine gumu lililojificha katika zile nukta tatu tunazoandika baada ya 0.333. Je, zinataja kazi isiyokwisha, au kitu kilichokwisha kutimia? Aristotle alikubali la kwanza tu: daima unaweza kuongeza nyingine, lakini hakuna wakati zote zipo. Ghazali alilitumia swali hilo kwa nguvu kuwapinga waliodai kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Kama sayari zimezunguka tangu azali, alisema, basi Zohali, inayozunguka mara moja jua linapozunguka mara 30, na Mshtari, inayozunguka mara moja kwa 12, zote zimekwisha kuzunguka mara zisizo na idadi. Na idadi isiyo na mwisho inawezaje kuwa sehemu moja ya thelathini ya nyingine isiyo na mwisho? Georg Cantor, mwanahisabati wa Ujerumani, alilijibu swali la namna hiyo katika karne ya 19 kwa kuonyesha kwamba inawezekana bila kujipinga. Kwa kuwa alikuwa mtu wa dini, mwaka 1886 aliandikiana barua na Kardinali Johannes Franzelin ili ieleweke kwamba usio-na-mwisho wa hesabu zake ni mwingine, na ule wa Mungu ni mwingine.

Desimali inayojirudia inampa kila mmoja wao haki yake. Anayetaka kazi tu ana kanuni fupi ya kuiendesha. Anayetaka kitu kamili anacho: ni 1/3. Na asiyeamini kwamba 0.999 isiyokwisha ni sawasawa na 1 na aizidishe 0.333 isiyokwisha kwa tatu, aone atakapofika.

Mwaka 1881 hoja ya baki ilichukuliwa ikapelekwa mahali pa hatari zaidi. Friedrich Nietzsche, akiwa Sils-Maria huko Uswisi, alifikiwa na wazo la marejeo ya milele. Katika madaftari yake akalijengea hoja: nguvu za ulimwengu zina kikomo, hali zinazoweza kuwamo zina kikomo, na wakati hauna kikomo, basi kila hali lazima irudi, na kila maisha, pamoja na machungu yake yote, yatarudiwa tena bila kupunguzwa chochote. Ni ile ile hoja ya kugawanya kwa saba, imetandazwa juu ya ulimwengu mzima. Kwa Mkristo au Mwislamu, anayetazamia siku ya mwisho na hukumu, inatisha kuliko inavyoonekana, kwani inafuta mwanzo na mwisho kwa pamoja.

Mwanafalsafa Georg Simmel aliijibu mwaka 1907, na jibu lake ni la hesabu safi. Chukua magurudumu matatu kwenye ekseli moja, weka alama kwenye ukingo wa kila moja, na zipange alama zote katika mstari mmoja. La kwanza lizunguke kwa kasi fulani, la pili kwa kasi mara mbili yake, la tatu kwa kasi ya kwanza ikigawanywa kwa pai. Alama hizo tatu hazitapangana tena kamwe, hata wakati usiwe na mwisho. Vitu ni vitatu tu, sheria ni moja, na marejeo hayapo. Nietzsche alihitaji hali za ulimwengu ziwe zenye kuhesabika kama baki za saba, na hakuonyesha kwamba ziko hivyo. Inawezekana ulimwengu unafanana na 1/7. Inawezekana unafanana na pai. Hakuna awezaye kukata shauri kwa kutazama tarakimu chache zilizokwisha kupita.

Ingefaa kusema kwamba angalau ndani ya hesabu yenyewe baki hutupa kila kitu. Haitupi. Duru ya 1/7 ina tarakimu sita, ndefu kadiri inavyowezekana kwa saba. Vivyo hivyo kwa 17, 19, 23, 29, 47, 59, 61 na 97: pamoja na 7 yenyewe, ni namba tasa 9 kati ya 25 zilizo chini ya 100. Chini ya 1,000 ziko 60 kati ya 168. Carl Friedrich Gauss, aliyetengeneza majedwali ya duru kama hizi tangu ujana wake, aliliweka somo hili katika kitabu chake kikuu cha 1801. Mwaka 1927 Emil Artin alikisia kwamba namba tasa za aina hiyo haziishi, na kwamba kwa wastani ni karibu 37 katika kila namba tasa 100. Mwaka 1967 Christopher Hooley alithibitisha kwamba dhana ya Artin ni kweli, kwa sharti moja: ikiwa dhana nyingine, ile ya Riemann katika umbo lake pana, ni kweli. Nayo bado haijathibitishwa.

Programu ya baki, iliyo sahihi na isiyodanganyika, inaweza kuachwa ikimbie usiku na mchana ikiziorodhesha namba hizo. Kila moja itakayoiandika itakuwa imethibitishwa kikamilifu, baki baada ya baki, na uwiano, ikiwa Artin alikisia vyema, utazidi kukaribia ule aliousema. Lakini kama orodha hiyo ina mwisho au haina, kukimbia kwake hakuwezi kusema. Kwa swali hilo, mbele ya kompyuta yenye nguvu kuliko zote, mwanahisabati amekaa na tarakimu mkononi, akisubiri mtu atakayeiona baki.